Daktari wa Meno ya Mbuzi

Ninyi mlionisindikiza stesheni ya Tanga kwa vicheko, na mkanipokea kwa maswali, haya sasa. Nimechoka kumsimulia kila mtu kivyake, maana kila nikisimulia najikuta nimekuwa shujaa zaidi kidogo kuliko mara iliyopita. Nimeona niandike mara moja, kabla sijajivika kilemba.

Chanzo mnakijua. Dada yangu Mwanahawa aliolewa na mfanyabiashara wa Arusha, akakaa huko, akafiwa na mumewe huko huko. Alichobaki nacho ni mbuzi. Akaja mtu wa misafara na salamu zake: mbuzi wanakonda na kufa, hakuna ajuaye kwa nini, na mimi si nasikika nimekuwa daktari wa mifugo? Nije basi.

Udaktari wangu pia mnaujua. Nilimbebea sanduku Mdachi wa kutibu ng'ombe, nikamshikia vichwa vya wanyama na beseni anapopasua mizoga. Lakini pale barazani nilikuwa nimeyapalilia maneno mpaka yakaota. Hasa mlipenda nikimuigiza yule Mdachi na Kiswahili chake cha kukatakata, "Maji! Konokono! Majani! Ini kwisha!", nikitoa macho na kupiga meza. Nimewachekesha nalo miezi na miezi. Basi salamu za dada zilipofika mbele yenu nyote, ningesema nini? Mdomo huponza kichwa, na wangu uliniponza na miguu pia.

Tanga hadi Buiko, kwa gari la moshi

Nilipanda nikiwa nimevaa lile koti la kaki aliloniachia Mdachi, na begani chupa kubwa ya dawa ya upele, ile nyeusi inayonuka kama lami. Ndiyo dawa pekee niliyoweza kuipata. Kwamba dada hakutaja upele popote, sikuona kama ni jambo la kunizuia.

Behewa lilijaa. Mama mmoja wa Kisambaa aliyeketi karibu nami na tenga la kuku alinitazama, akanyanyuka, akahamia mbali. Akafuata mzee na wanawe. Nikabaki na ubao mzima peke yangu, nikanyoosha miguu, nikasema moyoni kwamba kumbe koti hili lina heshima kiasi hiki. Tulipofika Korogwe ndipo mtu wa gari alipokuja kunishika mkono kwa upole, akasema, "Baba, chupa yako inavuja. Wenzio wanatapika dirishani."

Akanipeleka nyuma kwenye behewa la ngozi mbichi, akisema huko hakuna atakayelalamika. Kweli hakuna aliyelalamika. Kule Mombo gari lilisimama kutwa nzima kwa ajili ya kitu fulani kilichovunjika, na mimi nikala mkate wangu katikati ya ngozi za ng'ombe, inzi wakinihurumia. Niliposhuka Buiko, mwisho wa reli, hata mbwa wa pale walinizunguka kwa mbali.

Buiko hadi Moshi, kwa miguu

Nilijiunga na wafanyabiashara waliokuwa wakipandisha nguo na chumvi kwa punda. Njia inafuata milima ya Upare, jua usoni, miiba miguuni. Chakula kilikuwa uji asubuhi na ugali jioni, na maharage yaliyokuwa magumu kuliko njia yenyewe. Ndipo nilipoanza kuota maini. Sijui kwa nini maini. Nilikuwa nikitembea nikiona ini la mbuzi juu ya makaa, linachuruzika mafuta, nami ninalinyunyizia chumvi. Nililitaja mara nyingi mpaka wenzangu wakanipa jina la Bwana Maini.

Kiongozi wao, Mpare mpole aitwaye Mzee Kajiru, alikuwa na punda mwenye kidonda cha mgongoni kwa ajili ya mzigo. Aliposikia mimi ni daktari akanisihi nimtazame. Nilizunguka nyuma ya yule punda kwa mwendo wa Mdachi wangu, mikono mgongoni, nikaguna, kisha nikamimina dawa yangu kidondani bila kuichanganya na maji. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na punda angejua asimame upande gani wakati wa kufanya jambo kama hilo.

Nilipozinduka, Mzee Kajiru alikuwa akinipepea kwa kofia yangu. "Pole, fundi," akasema. "Punda amekwisha pona. Sasa tukutibu wewe." Nikachechemea hadi Moshi, na chupa ikabaki nusu. Yule punda, niseme ukweli, alitembea vizuri kuliko mimi.

Moshi hadi Kikatiti, pamoja na koti

Moshi niliagana na msafara nikashika njia ya Arusha na wapagazi wawili watatu waliokuwa wakirudi kwao. Nchi ikabadilika, migomba, mifereji, baridi ya asubuhi inayouma masikio. Tukavuka vijito vingi. Kimoja kilikuwa na maji ya rangi ya chai kabisa, nami kwa kiu nikanywa mpaka tumbo likajaa. Mpagazi mmoja akacheka, akasema, "Kunywa taratibu, bwana. Maji ya huku yanakumbuka watu." Sikumwelewa, na kwa kuwa mimi ndiye daktari, sikuuliza.

Nikafika Kikatiti siku ya soko, na njaa yangu imefika kabla yangu. Kwa mbali niliona watu wamejaa, ndizi, vibuyu vya maziwa, mbuzi wamefungwa vijitini. Nikavuta koti langu likae sawa, nikaweka chupa begani, nikaingia kwa hatua za mtu mkubwa. Mwanamke wa kwanza akapiga ukelele. Kufumba na kufumbua soko lilikuwa tupu. Mbuzi waliburutwa migombani, vibuyu vikatoweka, hata moto mmoja ulizimwa. Nikabaki nimesimama peke yangu na kuku mmoja ambaye labda hakuwa na mwenyewe.

Nikaketi juu ya gogo, nikangoja. Hakuna aliyerudi. Nilisikia minong'ono migombani na mbuzi akizibwa mdomo. Mwishowe, kwa jua na uchovu, nikavua koti nikalikunja. Hapo hapo bibi mmoja mnene akachungulia, akaniuliza kwa Kiswahili cha kusuasua, "Wewe si askari?"

"Mimi? Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hukuja kuchukua watu wa kazi? Wala mbuzi?"

"Nimekuja kutibu mbuzi, mama. Na nina njaa."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akaita kwa Kimeru, na migomba yote ikatoa watu. Akanipa ndizi zilizopikwa na maharage, na kibuyu cha maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi, nikala mpaka nikaona aibu. Nikamuuliza kama kuna maini. Akasema maini yalikimbia pamoja na mbuzi wake. Lile koti nilimwachia hapo alifanye tambara la chungu, na tangu siku ile kila niendako watu hunikaribisha.

Arusha, kwa dada

Nyumba ya dada iko kwenye mtaa wa waungwana na wafanyabiashara, boma la Wadachi likionekana jeupe upande wa juu. Alinipokea kwa kilio na kicheko, akanivua viatu, akatazama miguu yangu akalia tena. Binti yake Zena, ambaye nilikuwa sijamwona tangu azaliwe, alikuwa msichana mkubwa wa kuolewa. Akaniamkia vizuri, upindo wa kanga ukiwa umefunika mdomo wake. Nikasema, dada amelea, mtoto ana haya ya kipwani huku bara. Siku nzima hakuutoa ule upindo, hata alipocheka visa vya punda.

Tulipokwisha kula, dada akaniambia hali ilivyo. Mbuzi wake hukaa Olasiti kwa Mzee Lomayani, Mwarusha aliyekuwa rafiki wa marehemu. Marehemu alimpa yule mzee mbuzi zamani, na kwa desturi ya watu wale, waliopeana mbuzi huacha majina yao, huitana Pakine mpaka kufa. Maziwa, madume ya kuuza, ngozi, yote hutoka huko, na ndiyo maisha yao wawili. Sasa wanakufa, na kwa kuwa tangazo la Wadachi lilisema mizoga izikwe mizima kwa kuogopa kimeta, hakuna aliyejua ndani mna nini.

"Wakiisha, ndugu yangu," akasema, "nafunga virago. Tunarudi wote Tanga. Mwanamke hawezi kula hewa."

Zena alikuwa akikusanya sahani. Sahani moja ikaanguka, naye akatoka nje bila kuiokota.

"Kwao ni hapa," dada akasema chini chini. "Tanga kwake ni jina tu. Na anaogopa watu wa huko." Nikauliza anaogopa nini. Akanitazama kidogo, akasema, "Wewe ponya mbuzi."

Nikalala nikiwa nimejipalia makaa kichwani. Mpaka hapo safari ilikuwa mchezo wa kuwasimulia ninyi. Sasa palikuwa na mtoto wa dada yangu, na mimi na nusu chupa ya dawa ya upele.

Olasiti, kwa Pakine

Tuliondoka sote watatu asubuhi, tukapita Elerai, jua likiwa zuri na mlima Meru umevua mawingu. Zena ndiye mkalimani, maana Kiarusha anakisema kama waliomzaa ni wao.

Mzee Lomayani alikuwa mrefu, shuka yake imefungwa begani, mtulivu wa kutisha. Boma lake liko juu ya kilima penye majani makavu makavu, na mbuzi wake mwenyewe wanatafuna vijiti huko. Wa dada aliwaweka bondeni, kando ya tope lisilokauka, penye majani mabichi ya kufika magotini. Akalionyesha lile bonde kwa fimbo yake, na Zena akatafsiri, "Anasema hapa ndipo pazuri kuliko pote alipo napo. Mbuzi wa mjane wa Pakine hawawezi kula vijiti."

Wazee wa jirani wakaja kutazama daktari akifanya kazi. Nikakunja mikono ya kanzu. Nikamkamata mbuzi mmoja, jike lililokonda, nikamshika taya kwa mkono wa kushoto kama nilivyomwona Mdachi, nikafungua midomo kwa wa kulia. Na ndugu zangu, nilishtuka. Meno yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na mistari, kama kikombe kisichosuguliwa. Nikamkamata wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Nimeupata! Sijawahi kuona meno kama yale katika mbuzi wa Tanga hata mmoja.

Nikasimama, nikakohoa, nikasema kwa sauti ya kufika kilimani, "Ugonjwa nimeuona. Uko menoni. Kiumbe mwenye meno ya namna hii ameoza tangu ndani, hawezi kupona. Zena, waambie."

Zena alinigeukia. Alinitazama. Kisha polepole akashusha upindo wa kanga, akafunua midomo yake. Meno yale yale. Kahawia, madoa, mistari.

"Kama haya, mjomba?"

Nilisimama tu, mdomo wazi, meno yangu meupe yakipigwa na upepo. Dada akageuza uso. Zena naye akawageukia wazee, akawatafsiria maneno yangu yote, neno kwa neno, bila kupunguza. Mzee Lomayani akaja mpaka mbele yangu, akafungua kinywa chake. Akasema kwa Kiswahili, maana kumbe alikuwa nacho kidogo alichokiweka kwa siku muhimu, "Basi mimi nakufa lini?"

Mzee wa pili akafungua kinywa. Wa tatu. Nikazungukwa na vinywa wazi vya kahawia, na kila mmoja akitaka kujua siku yake. Wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Ni maji, dada akanieleza baadaye. Mtoto akizaliwa akanywa maji ya nchi ile, meno humea hivyo, na mbuzi vivyo hivyo, nao hula na kuishi mpaka uzee. Mimi niliyanywa njiani mpaka tumbo likajaa, nisijue nakunywa nini.

Wote walicheka isipokuwa Zena. Alikuwa amerudisha upindo wake, machozi yakimlenga. Nikaelewa sasa anachokiogopa Tanga. Anaogopa watu kama mimi.

Nilikuwa tayari kuondoka, lakini mgeni hawezi kuondoka hajala. Mzee akasema tuchinje, dada akasema achinjwe mmoja wa kwake, mgeni njoo mwenyeji apone, heri tuwale kabla hawajaisha. Akaniambia nichague. Nami kwa ujinga ambao hata sasa unanichekesha nilichagua dume lenye meno meupe kuliko wenzake, nikijua huyo angalau ni mzima. Mzee akanipa kisu mkononi. Wao huziba mnyama pumzi ili damu isipotee, lakini kisu hicho, akasema, ni cha Pakine, alikuwa akichinjia hapa hapa. Nikachinja, damu ikaenda majanini, na wanawake wa boma wakanitazama kama mtu anayemwaga maziwa. Kisha wakaniuliza mgeni atapenda kipande gani.

Mnajua nilichojibu.

Wakaniletea ini zima, bichi bado, juu ya majani ya mgomba. Lilikuwa zito, gumu kuliko kawaida, lakini nani alikuwa na macho? Nikaweka kisu, nikakata. Likalia kwa kisu, kama lina mchanga. Na kutoka kwenye mishipa yake wakatoka wadudu bapa, kama majani ya mhina, wakijikunjua polepole kwenye joto la jua.

Maini ya Buiko, ya Upare, ya Kikatiti, yote yakaniondoka mara moja. Nikasikia sauti kichwani, sauti yangu mwenyewe niliyowachekesheni nayo barazani: "Maji! Konokono! Majani! Ini kwisha!" Yule Mdachi hakuwa akibwata. Alikuwa ananifundisha, na mimi nikachukua somo nikalifanya kichekesho. Minyoo ya ini hutoka kwa konokono wa majini, hupanda kwenye majani mabichi, mbuzi huyala. Na dalili yake, alinionyesha mara ngapi, ni uvimbe laini chini ya taya.

Nikaruka, nikamkamata lile jike nililolishika kwanza. Mkono wa kushoto tayani, pale pale ulipokuwa. Kidole gumba kikazama kwenye uvimbe kama kwenye unga uliokandwa, na nilipokitoa pakabaki shimo. Ugonjwa nilikuwa nimeushika mkononi wakati wote ule, nikihutubia meno.

Basi sikupata muda wa kufurahi, maana niligeuka nikaona bonde. Majani hadi magotini, tope linalong'aa, na konokono, sasa nilipowatafuta, kwenye kila shina. Pahali pazuri kuliko pote alipo napo.

"Zena," nikasema, "mwambie mzee..."

"Hapana, mjomba. Ya meno nimekutafsiria. Hili sema mwenyewe, polepole, na ufikiri kwanza."

Nikamwendea Mzee Lomayani na lile ini. Akawatazama wadudu kwa muda. "Wametoka wapi?" akaniuliza.

Nikafikiri kwanza, kwa mara ya kwanza tangu Tanga. "Mzee," nikasema, "wametoka bondeni. Wanakaa penye maji na majani mazuri."

Akatazama bonde lake, kisha dada yangu, kisha makaburi ya mbuzi kando ya miti. "Basi ni mimi nimewaua. Mimi, na ni mbuzi wa Pakine."

"Hukuwaua. Uliwapa kilicho bora. Ningekuwa na bonde hili, na mimi ningewaweka hapa hapa. Hata wewe hukuwa na njia ya kujua, walizikwa bila kupasuliwa." Nikamwonyesha kilima kwa mkono. "Wapeleke juu, mzee. Wale vijiti."

"Juu wamejaa wangu."

"Najua."

Akatafuna midomo. Akawaita wanawe, akasema maneno machache, nao wakaanza kuwaswaga mbuzi wa dada kupanda kilima, wakachanganyika na wa kwake penye majani haba yasiyowatosha hao waliokuwapo. Zena aliniambia alichosema: wabanane, walio wa Pakine na walio wangu, na atakayekonda akonde na mwenzake.

Kurudi

Mnauliza niliwatibu kwa dawa gani. Walipandishwa kilimani, wakanyweshwa maji ya mfereji wa juu, na mzee akawachemshia magome ya mti wanaokunywa wao wenyewe kwa minyoo ya tumbo. Kipi kilisaidia sijui. Wengine walikufa bado, waliokuwa wamekwisha kuliwa ini. Lakini siku hata siku uvimbe wa taya ulipungua, yule jike wangu akaanza kupigania vijiti na wenzake, na dada akaacha kuzungumza habari za virago. Ile dawa ya upele tulimpaka mbwa wa jirani, akapona.

Asubuhi ya kuondoka Zena alinisindikiza hadi mto wa kwanza. Nilikuwa nimetafuta maneno ya kumwomba radhi tangu Olasiti, na kila nililolipata lilikuwa kubwa mno. Mwishowe nikachota maji kwa viganja, nikanywa, nikachota tena, nikanywa, mpaka yakanimwagikia kanzuni.

"Unafanya nini, mjomba?"

"Nataka na yangu yawe hivyo kabla sijafika Tanga."

"Umechelewa. Hushika watoto tu, wazee hawafai." Akacheka, na mkono wake ulikwenda kwenye upindo wa kanga, ukaupata, ukauacha. Akacheka mpaka mwisho, mdomo wazi, juani.

Basi habari ndiyo hiyo. Dada amesema baada ya mavuno atakuja kututembelea, kutembea tu, na Zena amekubali kufuatana naye. Watakaa kwangu. Mtakuja kuwasalimu, nawajua, na mtatazama. Nimewaeleza yote haya ili siku hiyo msishtuke. Na atakayeshtuka, nitamshika taya mbele ya watu wote, nami sasa najua kidole kinawekwa wapi.